Kufuta Nako ni Amana

Wasafiri wengi waufahamu mji wa Mikumi kwa jambo moja: ni mahali pa kupumzika na kula baada ya kuvuka ile Hifadhi ya Taifa ambayo barabara kuu ya Iringa na Zambia inaikata kati kwa kiasi cha kilomita 50. Sisi tulifika hapo tukitokea Kilosa, kwa safari ya kikazi, na kilichotukawiza hakikuwa tembo wala chakula. Kilikuwa ni kibanda cha fundi kijana anayetengeneza simu na kompyuta kando ya barabara hiyo.

Tulimwendea kwa shida ndogo ya simu isiyoingiza chaji. Juu ya meza yake palikuwa na kompyuta kuukuu aliyoinunua kwa bei ya kutupa katika mnada wa mali chakavu za ofisi moja ya umma. Ofisi hiyo hatutaitaja, wala mkoa wake. Twasema tu kwamba haikuwa ya Kilosa wala ya Mikumi. Fundi alitueleza kuwa waliomuuzia walimhakikishia ya kwamba kila kitu kimekwisha kufutwa, na kweli alipoiwasha hakuona jalada hata moja. Basi, kwa kutuonyesha tu, akaingiza programu inayopatikana bure, akaiacha ifanye kazi huku sisi tukinywa chai. Chai haijaisha, orodha ikaanza kujitokeza: majina ya wananchi, namba zao za simu, malalamiko yao ya ardhi, na pembeni mwa baadhi ya majina yameandikwa maneno ambayo mlalamikaji aliyasema kwa siri, akiamini kuwa ofisi itamsitiri.

Tukamwomba aifunge. "Mzee wangu, hii nitaifuta kweli kweli, maana njia yake naijua," kijana akasema. "Lakini siku ile ziliuzwa nyingi. Hizo nyingine sijui zimekwenda kwa nani."

Maneno hayo tumerudi nayo visiwani, na tunaona ni wajibu wetu kuyaweka mbele ya wasomaji na ya watendaji wa Serikali. Katika habari hii hapana mwizi. Hapana aliyevunja mlango wala aliyetoa rushwa. Mpo karani mwema aliyebonyeza kidude akaamini amefuta, mpo mkuu wake aliyeamini karani, na mpo dalali aliyewaamini wote wawili. Siri za wananchi zikauzwa kwa nyundo ya mnada, kwa risiti halali.

UBAO WA CHUONI

Ili kulifahamu jambo hili hatuna haja ya kwenda mbali. Sisi tuliosomea chuoni kwa mwalimu tunakumbuka ubao, na kalamu ya tete, na wino wa masizi. Mwanafunzi akishahifadhi aya zake, ubao uliosheshwa ili aandikiwe nyingine. Aliyeosha kwa pupa alikiona kivuli cha herufi za jana kikijitokeza chini ya herufi za leo, na mwalimu alimrudisha kwenye maji akasugue upya. Tena maji yale hayakumwagwa popote. Yalimwagwa mahali safi pasipokanyagwa na miguu ya watu. Kufuta kulikuwa na adabu yake, kama kuandika kulivyokuwa na adabu yake.

Kompyuta yenyewe haioshi ubao. Mtu anapoiamrisha ifute jalada, mara nyingi hufanya kama karani wa masijala anayekata mstari juu ya jina la jalada katika daftari la orodha, huku jalada lenyewe likibaki kabatini. Mashine hujiandikia kwamba nafasi ile sasa ni huru, na siku ikihitaji nafasi itaandika jambo jipya juu yake. Siku hiyo yaweza kuwa kesho, na yaweza isifike kamwe. Hata ile amri ya kuiandaa diski upya, ambayo wengi huiona kuwa ndiyo mwisho wa mambo, mara nyingi huchana daftari la orodha tu na kuyaacha makabati yamejaa.

Ushahidi wa jambo hili si wa Mikumi peke yake. Nchini Marekani, wataalamu wawili, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walinunua diski 158 zilizotumika kati ya mwaka 2000 na 2002, nyingi zikitoka kwa wauzaji wa mitumba. Kati ya zile 129 walizoweza kuzisoma, 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa sawasawa. Waliyoyakuta katika nyingine, kama walivyotangaza mwaka 2003, ni pamoja na namba za kadi za benki, barua za faragha na habari za wagonjwa. Na mwaka 2009 waandishi wa habari walionunua diski kuukuu katika soko la Ghana walikuta ndani yake hati za mikataba ya kampuni ya Northrop Grumman na Serikali ya Marekani. Ikiwa taifa lenye mitambo mingi kiasi hicho limeweza kuzitupa siri zake katika jaa la Afrika, sisi tunaopokea mitumba yake, na tunaouziana mitumba wenyewe kwa wenyewe, hatuna budi kujihadhari maradufu.

ARDHI NA TEMBO

Huenda msomaji wa Unguja au Pemba akauliza: kwa nini mambo haya tuyapime kwa Kilosa na Mikumi? Jibu letu ni kwamba huko yaonekana wazi kuwa taarifa iliyovuja yaweza kuua.

Kilosa ni wilaya ya mito, mashamba na malisho, na kwa miaka mingi wakulima na wafugaji wamekuwa wakigombea ardhi na maji. Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa namna hiyo. Mahali penye historia kama hiyo, daftari la malalamiko halichezewi. Aliyesimama mbele ya mtendaji akaeleza nani aliingiza mifugo shambani, au nani alipima mpaka kwa hila, ameweka usalama wake mikononi mwa ofisi. Maneno yake yakitoka humo kwa mlango wa mnada, hakuna barua ya kuomba radhi itakayoyarudisha. Maji yakimwagika hayazoleki.

Na Mikumi je? Kwa mujibu wa hesabu za watafiti wetu wa wanyamapori, tembo katika mfumo wa ikolojia wa Selous na Mikumi walikuwa 38,975 mwaka 2009. Mwaka 2013 walihesabiwa 13,084. Katika miaka minne tu walipotea theluthi mbili, na sehemu kubwa ya msiba huo ni kazi ya majangili. Visiwa vyetu navyo viliguswa, kwani Novemba 2013 shehena ya meno ya tembo ilikamatwa hapa hapa katika bandari ya Zanzibar. Askari wa wanyamapori hupambana na majangili kwa bunduki, lakini zaidi hupambana kwa habari: doria itapita wapi na lini, makundi ya tembo yako wapi, na ni mwananchi gani aliyempigia simu askari usiku wa manane. Zama hizi tembo huvishwa hata kola zinazotoa mahali walipo kwa njia ya setilaiti. Nchini India, mwaka 2013, iliripotiwa kwamba mtu asiyehusika alijaribu kuingia katika sanduku la barua-pepe lililokuwa likipokea habari za mahali alipo chui milia mmoja wa hifadhi ya Panna. Adui amekwisha kujua thamani ya taarifa hizo. Anayeuza kompyuta ya doria bila kuisafisha amemchorea jangili ramani.

Visiwani hatuna tembo, lakini tunazo orodha. Kila shehia ina kumbukumbu za wakaazi wake. Kila hospitali ina habari za wagonjwa, kila mahakama ina mashauri ya ndoa na mirathi, na mifumo ya vitambulisho imehifadhi alama za vidole vya watu. Neno la siri likivuja hubadilishwa kwa dakika moja. Kidole cha mtu hakibadilishwi. Katika jamii ndogo kama yetu, ambamo kila mtu ni ndugu au jirani wa mwenziwe, jina moja la mgonjwa likitoka hospitali asubuhi huwa limefika barazani kabla ya adhuhuri.

WALIOZIKA NA WALIOCHOMA

Historia ya nchi hii ina mafunzo mawili juu ya jambo hili. Majeshi ya Waingereza yaliuteka mji wa Kilosa Agosti 1916, Wajerumani wakiwa wanarudi nyuma kufuata Reli ya Kati. Katika vita hiyo watawala wa Kijerumani walizizika ardhini nyaraka nyingi za utawala wao ili adui asizipate. Baada ya vita zilifukuliwa, na leo ni sehemu ya hazina ya Nyaraka za Taifa. Kuzika, basi, si kufuta. Mwenye jembe na subira atafukua. Programu ya yule fundi wa Mikumi ni jembe la namna hiyo.

Funzo la pili ni chungu zaidi. Mwaka 1961, ukoloni ukiwa unafungasha mizigo katika Afrika Mashariki, kulitolewa maelekezo kutoka London kwamba nyaraka ambazo zingeiaibisha Serikali ya Uingereza, au kuwafichua vibaraka wake, zisikabidhiwe kwa serikali za wananchi. Nyingine zilisafirishwa kwa siri hadi Uingereza, na nyingine zikateketezwa. Waliagizana kuwa karatasi ziungue hadi ziwe majivu, na majivu yenyewe yavurugwe. Na kama ni kuzamisha baharini, basi ziwekwe katika makasha yenye uzito, katika kina kirefu kisicho na mkondo, mbali na pwani. Yaliyofichwa yalianza kudhihirika mwaka 2011, wakati wazee wa Mau Mau wa Kenya walipoishitaki Serikali hiyo mjini London.

Tuyatazame mambo hayo kwa utulivu. Mkoloni hakuridhika na moto. Alitaka hata majivu yavurugwe. Sisi twaridhika na kubonyeza kidude. Katika kufuta alikuwa hodari kuliko sisi, na kosa lake halikuwa katika ufundi bali katika nia. Alifuta ili haki isijulikane.

Hapo ndipo penye ugumu wa suala hili. Anayedai kila kitu kifutwe upesi huenda anaficha wizi wa mali ya umma. Anayedai kisifutwe kitu huenda anajenga ghala la siri za watu lisilo na mlinzi. Kwa hiyo swali la kwanza haliwezi kuwa namna ya kufuta. Swali la kwanza ni: nani ameamua, kwa mamlaka gani, na ameandika wapi?

Sheria zipo. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 haimruhusu mtumishi kuteketeza nyaraka za umma kwa utashi wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, yataka taarifa za mtu zisitunzwe kupita muda unaohitajika kwa lengo lililokusudiwa. Tume ya kuisimamia sheria hiyo ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024. Nayo Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 16, imetaja haki ya mtu kuheshimiwa faragha yake, na Katiba ya Zanzibar ya 1984 nayo imeilinda faragha hiyo. Sheria moja yasema usichome ovyo, nyingine yasema usirundike ovyo. Baina ya hizo mbili ndipo mtendaji mwaminifu anapopaswa kusimama.

KUMBUKUMBU YA KAZI

Tumesema juu ya diski, lakini kompyuta ina kumbukumbu nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Ni ile kumbukumbu ya kazi, ambamo mashine huweka mambo inayoyashughulikia kwa wakati huo: neno la siri lililoandikwa punde hivi, jalada lililo wazi, ufunguo wa kufungulia diski iliyofumbwa. Tuliambiwa zamani kuwa umeme ukikatika, yote yaliyomo hutoweka. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzao walionyesha kuwa hayatoweki papo hapo. Hubaki kwa sekunde kadhaa, na vipande vyake vikipoozwa kwa baridi kali hubaki kwa dakika kadhaa. Muda huo wamtosha mjuzi kuvichomoa na kuvisoma. Ikiwa kompyuta imelazwa tu bila kuzimwa, basi kumbukumbu hiyo iko hai yote. Mtendaji anayesafiri na kompyuta ya ofisi imelala ndani ya mkoba, akaisahau garini, amesahau ofisi na funguo zake.

Mwaka 2014 dunia ilipata somo jingine. Katika programu iitwayo OpenSSL, inayolinda mawasiliano ya mitandao mingi, ilionekana kasoro iliyopewa jina la Heartbleed. Kwa kasoro hiyo mtu wa mbali aliweza kuiuliza mashine swali dogo, nayo ikamjibu kwa kumkatia kipande cha kumbukumbu yake ya kazi, hadi kilobaiti 64 kwa kila swali, pamoja na maneno ya siri yaliyokuwa yameachwa humo.

Vijana wetu wanaotunga programu za Serikali nao wana sehemu yao. Mtunzi mwangalifu huandika amri kwamba neno la siri likishatumika, mahali pake pajazwe sifuri. Lakini ile programu inayogeuza maandishi yake kuwa maagizo ya mashine, iitwayo kompaila, yaweza kusema: hizi sifuri hakuna atakayezisoma tena, kwa nini nijisumbue? Ikaiacha amri ile, na siri ikabaki. Mtunzi ameosha ubao kwa nia, lakini maji hayakufika. Kwa sababu hiyo zimewekwa amri maalumu za kufuta ambazo kompaila hairuhusiwi kuziruka, na mtunzi wa mfumo wa umma apaswa kuzijua kama fundi muashi anavyojua timazi.

WAJIBU WETU

Hatupendi kulaumu bila kuonyesha njia. Kwa maoni yetu mambo sita yanawezekana, na mengi yake hayahitaji fedha za kigeni.

Kwanza, kila ofisi ijue siri zake zinakaa wapi. Hazikai katika kompyuta peke yake. Zimo katika flashi za mfukoni, katika simu za kazi, katika nakala za akiba, na hata katika mashine za fotokopi, ambazo nyingi zina diski ndani inayoweza kuhifadhi picha za karatasi zilizopita juu yake.

Pili, mashine zifumbwe tangu siku ya kwanza, kiasi kwamba yaliyomo hayasomeki pasipo ufunguo. Siku ya kuagana nayo, ukiharibu ufunguo, umeyafuta yote kwa mara moja. Simu nyingi za kisasa hufanya hivyo zenyewe, kwa hiyo mwananchi anayeiuza simu yake airudishe kwanza katika hali ya kiwandani kwa amri iliyomo ndani ya simu, na kadi ya kuhifadhia picha aichomoe abaki nayo.

Tatu, kila chombo kisafishwe kwa njia inayokifaa. Diski ya sumaku ya kisasa huandikwa juu yake yote, mwanzo hadi mwisho, kisha ikakaguliwa. Mwaka 1996 mtaalamu Peter Gutmann alipendekeza kuandika juu mara 35 kwa diski za aina mbalimbali za zamani. Kwa diski za kisasa mwongozo wa Marekani wa mwaka 2014 uliona kuwa mara moja inatosha kwa kawaida. Lakini flashi na diski zisizo na sumaku zina tabia nyingine: huhamahamisha maandishi ndani kwa ndani ili zisichakae upande mmoja, na ukiandika juu, nakala ya zamani yaweza kubaki imejificha. Hizo hufutwa kwa amri yao ya ndani, kama zinayo. Chombo kilichokufa kisichopokea amri yoyote, kisagwe.

Nne, chombo chochote kisiende mnadani bila hati. Hati hiyo itaje namba ya chombo, njia iliyotumika na tarehe, na itiwe saini na watu wawili. Mtumishi atakayejua kuwa jina lake liko chini ya karatasi atasugua ubao sawasawa.

Tano, kabla ya kufuta pawe na idhini ya wenye dhamana ya nyaraka, na yale ya kudumu yahamishwe kwanza hadi mahali pake. Watu wa Kilosa wanajua uchungu wa kufutiwa pasipo idhini: mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulifurika, ukabomoa nyumba, ukaikata reli, na maelfu ya watu wakabaki bila makazi. Maji hayachagui cheti cha kuzaliwa wala hati ya shamba. Mtumishi anayefuta bila kuchagua ni mafuriko yenye mshahara.

Sita, elimu hii isiishie kwa wataalamu wa makao makuu. Imfikie karani wa wilaya, sheha, muuguzi, mwalimu mkuu na katibu wa tawi la Chama, maana hao ndio wanaoandika majina ya watu kila siku.

Zamani, katika masijala zetu za karatasi, tuliijua nidhamu hii. Jalada lilikuwa na namba, kila barua ilikuwa na namba ndani ya jalada, na la kuteketezwa liliorodheshwa, likashuhudiwa, likachomwa mbele ya macho ya watu. Kompyuta ilipoingia ofisini tuliiacha nidhamu ile mlangoni kana kwamba mashine imekuja na nidhamu yake. Haikuja nayo. Mashine hufanya inaloambiwa, na mara nyingine, kama tulivyoona, hufanya pungufu.

Mwananchi anapoitoa siri yake kwa mtumishi wa umma, ameweka amana. Amana haiishi siku shauri linapokwisha, wala siku kompyuta inapochakaa. Huisha siku ile siri inaporudishwa kwa mwenyewe, au inapohifadhiwa mahali pake pa haki, au inapofutwa isibaki hata kivuli cha herufi. Yule kijana wa Mikumi, asiye na cheo wala kiapo, alilifahamu hilo, akaahidi kuifuta siri ya watu asiowajua. Tunawataka walioapa wasiwe nyuma yake.